Mwisho wa Reli, Filamu Hufika kwa Memori

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mji huu umebaki na jina la mwisho wa reli. Lakini mzigo haukuwahi kuishia stesheni. Ulishushwa, ukapelekwa gatini, ukapakiwa kwenye meli au mtumbwi, ukaendelea na safari ya Kalya, Kirando, Kalemie au Bujumbura. Filamu na muziki wa leo navyo vinapita njia hiyohiyo. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma mjini vinakuja kwa mkongo na kwa minara ya simu. Kuanzia bandari za Kibirizi na Ujiji, kwa mtu anayerudi kijijini au kwenye kambi ya uvuvi, vinasafiri ndani ya kadi ya memori yenye ukubwa wa ukucha, imechomekwa kwenye simu au kwenye redio inayochajiwa kwa sola. Kabla ya kupanda boti mtu hupitia kibanda cha kurusha nyimbo na muvi, anatoa kadi yake, anachagua anachotaka, analipa, anaondoka na burudani ya siku nyingi. Hakuna kampuni ya filamu za mtandaoni inayomhesabu mtu huyo kuwa mteja wake.

Habari za kampuni hizo, tukizisoma tukiwa huku, zina sauti ya ugomvi wa majirani wa mbali. Desemba 2025 Netflix ilitangaza makubaliano ya kuinunua Warner Bros. kwa zaidi ya dola bilioni 70, na siku chache baadaye Paramount ikaingia na dau lake. Huduma ya HBO Max iliitwa Max mwaka 2023, kisha Julai 2025 ikarudi kuitwa HBO Max, mabadiliko ambayo Ujiji hayakumkosesha mtu usingizi kwa kuwa huduma yenyewe haikuwa imefika. Zinazotuhusu ni habari za wale waliojaribu kuja. Netflix ilifungua milango katika nchi 130 kwa mpigo Januari 2016, Tanzania ikiwamo. Kampuni ya iflix ikaja Afrika, ikaondoka, na Kwesé iliyoichukua ikazimika mwaka 2019. Netflix ikawapa Wakenya kifurushi cha bure cha simu mwaka 2021, ikakifunga Novemba 2023. Januari 2024 Amazon Prime Video ikaacha kuagiza kazi mpya kutoka Afrika. Showmax ikazinduliwa upya Februari mwaka huohuo kwa mbwembwe na kifurushi cha Ligi Kuu ya Uingereza cha kutazama kwenye simu, na Canal+ ilipoikamata MultiChoice, mwenye Showmax, Septemba 2025 ilikuta Showmax ni mzigo wa hasara.

Kila mmoja anapofungasha virago, maelezo huwa mawili: Waafrika hawana fedha, au hawapendi kulipia burudani. Yote mawili yanakanushwa na kibanda cha Kibirizi, ambako watu wanalipa kila siku, kwa hiari, tena fedha taslimu. Ninachodai katika makala haya ni kwamba kosa limo ndani ya wazo lenyewe la kutiririsha, yaani streaming. Neno hilo linadai maji yasiyokatika: umeme usiokatika, mtandao usiokatika, kipato cha kila mwezi kisichokatika, na kadi ya benki juu yake. Mwambao wa Tanganyika hauendi hivyo. Huku mtu hupata kitu pale kinapopatikana, akakihifadhi, akakitumia baadaye. Kadi ya memori inafuata tabia hiyo, na badala ya kuisubiri ife, au kuikimbiza na polisi, ingefaa ipewe leseni na kufanywa njia halali ya kuwafikishia watu filamu na muziki.

Tuanze na hesabu ya bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya ubora wa kati hula hadi GB 0.7 kwa saa, na ubora wa juu hula hadi GB 3. Filamu ya saa mbili kwa ubora wa kati ni karibu MB 1,400. Mwaka 2021 TCRA ilitaja bei ya intaneti ya kwenye vifurushi kuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Zidisha kwa bei hizo: filamu hiyo moja inagharimu kati ya shilingi 2,842 na 13,090 za bando peke yake, kabla ya kulipia huduma yenyewe, na ndani ya bando hilo tayari kuna ushuru wa bidhaa na VAT juu yake. Tamthilia ya sehemu kumi za saa moja moja, kwa bei ya chini kabisa, ni zaidi ya shilingi 14,000. Rafiki akitaka kuitazama naye atalipa upya kiasi hichohicho, hata kama amekaa kwenye mkeka mmoja na aliyeitazama jana. Kadi ya GB 32 inabeba filamu zaidi ya 40 za MB 700, na ikishajaa inazunguka familia nzima na majirani bila kula hata MB moja. Mtu mwenye akili timamu akiwekewa njia hizi mbili mbele yake hahitaji semina ya kuchagua.

Kisha kuna suala la mwezi, na hapa nina maana ya mwezi wa angani. Uvuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika ni wa usiku na wa taa; dagaa huifuata taa kukiwa na giza, na mbalamwezi ikitawala samaki hutawanyika na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo fedha katika vijiji vya Katonga, Kibirizi na vya kusini huja kwa mafungu, giza hadi giza, pamoja na vipindi vya kusimama kabisa kama ule wa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, ziwa lilipofungwa ili samaki wapumzike. Malipo ya kila mwezi yanayokatwa tarehe ileile, kutoka kwenye kadi ya benki ambayo mvuvi hana, yaliwekwa na mtu anayepokea mshahara kwa ajili ya watu wanaopokea mshahara. Watoa huduma waliolielewa hili mapema walikuwa wa ving'amuzi: StarTimes walipoanza kuuza vifurushi vya siku na vya wiki, walikuwa wanakubali tu kwamba mteja hulipa anapokuwa nacho. Kibanda cha kurusha muvi kimekwenda mbele zaidi. Kinauza filamu moja moja, kama fungu la dagaa.

Atakayesema kwamba kuhifadhi ni ushamba, na kwamba ulimwengu uliostaarabika hutiririsha, inafaa afungue sanduku aone kilichomo ndani ya huo mtiririko. Filamu ya Netflix haitoki Marekani kila mtu anapobonyeza kitufe. Tangu mwaka 2011 kampuni hiyo ina mfumo unaoitwa Open Connect: masanduku ya kuhifadhia data, yaliyojazwa filamu na tamthilia, ambayo huwekwa ndani ya majengo ya watoa huduma za intaneti karibu na watazamaji. Masanduku hayo hujazwa saa ambazo mtandao umepoa, watu wengi wakiwa wamelala, na jioni yake mtazamaji anapobonyeza, filamu hutoka kwenye sanduku la mtaa wa pili. Kinachoonekana kuwa mto mrefu kutoka ng'ambo ya bahari ni, kwa sehemu kubwa, bomba fupi kutoka kwenye tangi la jirani. Google nao walijua hivyo walipoanza kuitoa YouTube Go mwaka 2017, programu iliyomruhusu mtu kuhifadhi video na kumrushia mwenzake simu kwa simu bila bando, kabla ya kuifunga Agosti 2022. Kijana wa Gungu anayetumia programu ya Xender kumpa rafiki yake tamthilia anafanya kazi ambayo wahandisi wa kampuni kubwa waliiona ina maana. Tofauti ya sanduku la Netflix na kompyuta ya kibanda cha Kibirizi ni mkataba: moja lina karatasi za mwenye kazi, nyingine haina. Kama tatizo ni karatasi, basi tutafute karatasi. Kompyuta iko mahali pake tayari, na mwenye kibanda anajua wateja wake wanapenda nini kuliko mashine yoyote ya kupendekeza filamu.

Kuna burudani isiyohifadhika, nayo ni mpira wa moja kwa moja. Hapa sina ubishi. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, hapahapa Kigoma, Simba wakashinda 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Aliyekosa tiketi akaingia kibanda umiza cha jirani aliona picha iliyopanda kutoka uwanjani hadi kwenye setilaiti na kushuka tena mjini kwake, kwa sababu anga haijali wewe uko kilomita ngapi kutoka Dar es Salaam. Azam Media, ambayo mwaka huohuo wa 2021 ilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za Ligi Kuu kwa Sh225.6 bilioni, iliijenga biashara yake juu ya dishi kwanza na mtandao baadaye, na Mashujaa walipopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24, watu wa vijiji visivyo na intaneti ya maana waliweza kuitazama timu ya mkoa wao. Kwa laivu, dishi linatosha. Lakini dishi nalo humwaga kipindi chake saa yake, na asiyekuwapo saa hiyo kimempita. Mtu anayevua usiku na kulala mchana anahitaji kitu kinachomngoja.

Kibanda pia kinafanya jambo ambalo kampuni za nje hazijalifanya kwa kiwango cha maana: kinaisemesha filamu Kiswahili. Muvi za kutafsiriwa, zile ambazo sauti ya DJ inapanda juu ya sauti ya mwigizaji, akieleza, akichekesha, akimgombeza adui kwa niaba ya watazamaji, zina historia ndefu katika nchi yetu. Marehemu na walio hai wamefanya kazi hiyo, na jina la Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, limeingia hadi kwenye vitabu vya watafiti wa Ulaya. Ufundi huo una ndugu zake Uganda na Kenya, na Kiswahili chake kinaeleweka Kalemie, Uvira na Bujumbura. Ni kweli kwamba tafsiri hizo mara nyingi hazina kibali cha mwenye filamu, na wakati mwingine DJ husema mambo ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. (Baadhi ya filamu zimefaidika na hilo.) Hata hivyo soko limekwisha kutoa jibu ambalo wakubwa wanaendelea kuuliza swali lake: mtazamaji wa mwambao yuko tayari kulipa, ilimradi asemeshwe kwa lugha yake, kwa bei ya filamu moja, na aondoke na mali mkononi.

Pingamizi kubwa najua ni lipi. Kibanda kile, atasema msanii, kinaniibia. Ni kweli, na si jambo dogo. Filamu iliyotengenezwa kwa jasho la miezi inanakiliwa kwa sekunde chache, na mwenye nayo haoni senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA, ofisi inayoisimamia, ipo. Lakini tujikumbushe dawa zilizokwisha kutumika. Mwaka 2013 zililetwa stika za TRA za kubandika kwenye kaseti, CD na DVD. Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela. Kilichofuata ni kwamba diski zenyewe zilipungua mitaani, stika zikakosa pa kubandikwa, na unakili ukahamia kwenye memori ambako hakuna jalada wala karatasi. Msako hukamata kompyuta moja leo. Kesho yake kibanda kinafunguliwa mtaa wa pili. Sijaona ushahidi kwamba njia hiyo imemwongezea msanii kipato.

Serikali yenyewe imeanza kuelekea kwingine, pengine bila kutambua umbali inaoweza kufika. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliingiza tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye baadhi ya vifaa vinavyotumika kunakili na kuchezea kazi za sanaa. Maana yake ni kwamba dola imekubali kuwa kifaa kinachohifadhi ni mahali halali pa kukusanyia fedha ya msanii. Hatua inayofuata si ndefu. Mwenye kibanda asajiliwe kama wakala, kama tunavyowasajili mawakala wa fedha za simu tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008. Apewe maktaba halali inayoletwa kwenye diski au kupakuliwa usiku mtandao ukiwa umepoa, kama masanduku ya Netflix yanavyojazwa. Kila anaporusha kazi kwenye kadi ya mteja, programu ihesabu, naye alipe sehemu ya msanii kwa simu, abaki na kamisheni yake. Wakala wa fedha za simu hahitaji kulindwa na askari ili atume miamala halali. Anaituma kwa sababu kamisheni iko upande huo. Wapo watakaoendelea kunakili pembeni, sawa na walivyokuwapo walanguzi wa kila bidhaa. Lakini leo msanii anapata sifuri kutoka Kibirizi, kwa hiyo hata nusu ya vibanda ikijiunga atakuwa amepanda.

Na faida si ya fedha tu. Mkoa huu ni chimbuko la wanamuziki kiasi kwamba mwaka 2012 wenye asili ya Kigoma walijikusanya, Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz, Peter Msechu na wenzao, wakatoa wimbo wa Leka Dutigite chini ya jina la Kigoma All Stars. Muziki wao unapigwa kwenye mitumbwi, kwenye bajaji za Mwanga, harusini Ujiji. Sehemu kubwa ya upigwaji huo hutoka kwenye kadi na flashi, na kwa Boomplay, Spotify au YouTube haupo. Msanii anayepanga ziara kwa kutazama takwimu za mitandao hiyo ataona Dar es Salaam, Nairobi na Wabongo wa ng'ambo, na ataona mwambao wenye watu wengi ukiwa kimya. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa wa Kigoma kuwa na watu zaidi ya milioni 2.4. Kibanda kinachohesabu kingeutoa gizani.

Pingamizi la pili ni la wanateknolojia: subirini, mtandao unakuja. Mkongo wa Taifa umefika Kigoma, mipango ya kuupitisha chini ya ziwa hadi Kalemie imekuwapo, na jirani zetu wa ziwani wamefungulia intaneti ya setilaiti ya Starlink, Zambia mwaka 2023, Burundi 2024, Kongo ikatoa leseni Mei 2025, huku ombi lake nchini Tanzania likikaa mezani muda mrefu. Bando litashuka, na kadi itakwenda na maji. Naipokea hoja hii kwa heshima lakini siimezi. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na Afrika Mashariki nzima ikalegalega. Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,200 za nchi kavu kutoka pwani nyaya hizo zinakotua, na kila kilomita ni mahali pengine pa kukatikia. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mkoa huu uliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa, kwa hiyo wenyeji wana uzoefu wa kutosha kuhusu huduma iliyoko njiani. Na hata siku mtandao utakapokuwa wa uhakika, kurusha filamu mara moja hadi Kibirizi na kuisambaza hapo kutabaki nafuu kuliko kuivuta mara elfu kutoka Dar es Salaam. Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya Netflix wajenge masanduku yao wakiwa Marekani, kwenye intaneti ya kasi.

Watasema pia kwamba Hollywood haitakubali kazi zake ziwekwe kwenye memori za wavuvi. Inawezekana. Basi tusianze nao. Tuanze na filamu na tamthilia zetu ambazo, zikishapita kwenye televisheni, hukaa kabatini zikinakiliwa bure. Tuanze na waigizaji wa vichekesho ambao tayari wanaweka kazi zao YouTube kwa matumaini ya matangazo. Tuanze na muziki wa wana Kigoma wenyewe. Hawa wana kila sababu ya kujaribu, kwa sababu hawana cha kupoteza ambacho hakijapotea. COSOTA, Bodi ya Filamu na TCRA wakikaa meza moja na vibanda vichache vya Kibirizi, Mwanga na Ujiji, jaribio la mwaka mmoja halihitaji mnara hata mmoja mpya.

Na kwa yule atakayeona haya kwamba tunapendekeza filamu zisafirishwe kwa mkono karne hii: Netflix iliendelea kuwatumia wateja wake wa Marekani diski ndani ya bahasha nyekundu, kwa posta ya kawaida, hadi tarehe 29 Septemba 2023.